Ile Isiyoogopa Maji

Mkebe wa biskuti una pauni mia na themanini na tano.
Miezi saba ya kuosha magari ya watu, Foleshill, Coventry,
vidole vimekunjamana kama zabibu kavu,
na gari sasa nalijua kwa kiganja kabla ya jicho:
mlango uliopakwa rangi upya, boneti lililowahi kugongwa,
mkunjo wa bati unaoanzia kwenye taa ukafia juu ya tairi.
Nataka kuupiga picha mkunjo huo.
Hilo tu.

Nikamwambia Haroub. Heri nisingemwambia.
Haroub ana maoni juu ya kila kitu, hata chumvi.
"Soni," akasema, "ndiyo macho ya sasa."
Nikatazama bei: bei ya gari lenyewe.
"Basi Kanoni, lensi zake zimejaa kama njugu."
Shemeji yake akasema Nikoni, kufa na kupona.
Meza ikageuka Simba na Yanga, chai ikapoa,
na mimi mwenye pesa sikuulizwa neno.
"Rahisi huvunja upishi," Haroub akafunga kikao,
mtu ambaye nauli ya basi aliikopa kwangu.

Jumamosi nikaingia duka la vitu vilivyotumika,
si mbali na kanisa kuu lisilo na paa tangu mabomu ya vita.
Muuzaji, msichana, jina kifuani: Ffion.
Hakuniuliza nina shilingi ngapi.
"Unapiga nini?"
"Magari."
"Yanayokimbia?"
"Yaliyosimama. Yakichuruzika maji."
Akainama chini ya kaunta.
"Kwa gari lililosimama, usinunue mbio.
Hii ni Pentaksi. Vijana hawaigusi.
Imechubuka, ina miaka kumi,
lakini kila kiungo kina mpira: mvua haiingii."
Nikaishika. Nzito.
Ikakaa kiganjani kama mpini wa brashi yangu.
Mia na sitini, pamoja na lensi moja
na betri ambayo, akaniambia ukweli, imezeeka.

Alhamisi akaja Bi Maureen na Pijo yake ya buluu,
iliyoundwa Ryton, hapo nje ya mji,
kiwanda ambacho leo ni maghala matupu ya rangi ya kijivu.
Mumewe alikuwa akifunga milango pale.
"Labda huu aliufunga yeye," husema kila wiki,
nami kila wiki mlango ule huuosha taratibu zaidi.

Nilikuwa nimejifunza: chuchumaa, lensi iwe usawa wa taa,
jua liwe mgongoni. Jua halikuwepo.
Nikazunguka hadi upande usio na kibonyeo,
nikabonyeza.

Akavaa miwani, akaitazama picha kwenye kioo kidogo.
"Nzuri," akasema,
kwa sauti wanayoitumia hapa kwa chakula kibichi.
"Lakini Ken yuko upande wa pili."

Akanivuta aproni hadi kwenye kibonyeo chini ya kitasa.
Hapo ndipo Ken alipozoea kuufunga mlango kwa goti,
mikono imejaa gazeti na maziwa,
miaka kumi na minne, kidogo kidogo, hadi bati likamzoea.

Mvua ikaanza. Dilshad ananiita, magari manne kwenye foleni.
Haroub angekuwa ameshaikimbiza Soni yake ndani ya koti.
Nikapiga magoti kwenye povu,
maji yakishuka juu ya kamera, juu ya vidole,
yakituama kidogo palipoachwa na goti la Ken,
na ndani ya ile buluu nikaona
aproni ya manjano, mtu,
na kitu cheusi mahali pa uso wake.
Sikusogea.
Nikabonyeza mara tatu.
Ya nne, betri ikakata roho.