Mkasi wa Kupogolea

Mkasi umelala kwenye kopo la maziwa ya unga
tangu Juni. Nimeupaka grisi mara tatu.
Hakuna mkasi msafi kama wangu Mpunguzi nzima.

Methali nazijua. Nilizifundisha darasa la tano
miaka kumi na tisa, kwa chaki na kwa fimbo:
linalowezekana leo lisingoje kesho.
Kengele ikilia narudi nyumbani, naingoja kesho
kama mgeni aliyeahidi kuja na kitoweo.

Leo, kwa mfano,
nimefagia uwanja ambao upepo ulishaufagia,
nimekwenda kwa Chilewa kuuliza bei ya samadi
nisiyokusudia kununua,
nimehesabu nguzo za shamba: mia na arobaini na mbili.
Jana zilikuwa hizo hizo.

Wanasema uvivu. Mvivu hulala.
Mimi saa nane za usiku
naisikia mizabibu ikijinyoosha gizani,
tawi juu ya tawi,
kila jani likiniita kwa jina la baba.

Ndilo hilo, basi.
Baba alikata bila kutazama mara mbili:
macho mawili, matatu, kacha.
Nilimwambia nitajifunza msimu ujao.
Msimu ulikuja. Yeye hakuwapo.
Shamba lisiloguswa bado ni lake.
Nikiligusa litakuwa langu,
na makosa yatakuwa yangu.

Sechelela alipita na ndoo kichwani,
wala hakusimama.
"Mwalimu, majani hayo unawafugia mbuzi wa nani?"
Akacheka peke yake mpaka kona ya kanisa.

Nikautoa mkasi.
Sikusema nitamaliza safu.
Sikusema hata mzabibu mmoja.
Nilisema tawi hili,
hili hapa lililonikwaruza shavu.
Nikahesabu macho. Nikahesabu tena.
Nikajikamata nikitaka kuhesabu mara ya tatu.
Mkono ukatetemeka kama wa mtoto
anayeandika a yake ya kwanza,
na mkasi, kwa grisi ile yote,
ukapita laini mno.

Tone la maji likachungulia kwenye jeraha,
likaning'inia, likaangukia udongo mwekundu,
udongo ukalinywa kabla sijaliona vizuri.
Nguzo zote zilikuwa zimesimama.
Hakuna aliyeniita.

Nimekata juu mno, nadhani.
Baba angeguna.

Nikashika la pili.