Miguu Ukutani, Barabara ya Kumi na Mbili

Nguo nimezikunja. Cherehani
nimeifunika kanga kuukuu, taa nimezima.
Mashine imelala.
Mimi ndiye ninayeshona bado:
visigino vinakanyaga shuka,
vinatafuta pedali isiyokuwepo,
na kichwani gurudumu linazunguka bila nguo.

Sketi kumi na nne za shule, pindo bado.
Deni la vifungo.
Na kitenge cha Bi Semeni,
mkono wa kushoto nimeukata mfupi, inchi mbili nzima,
na kitambaa kimekwisha, na harusi iko Muheza,
Ijumaa, na huu ni usiku wa Alhamisi.

Sikujua, binti wa kaka yangu,
anayenyoosha viungo vya watu pale Bombo,
aliitazama miguu yangu Idi iliyopita,
akaibonyeza kwa kidole, kishimo kikabaki.
"Shangazi, hii umeigeuza injini.
Usiku iegemeze ukutani, mgongo mkekani.
Kwenye yoga upo na mkao wa kumalizia,
wanauita maiti."
Astaghafiru, nikamwambia,
niache nife siku yangu.
Akacheka. "Basi tuuite gunia.
Gunia likishushwa halijishikilii.
Kisha pumzi: nne kuingia, sita kutoka.
Usiivute kama ndoo ya kisima. Iache ije."

Basi nimeshuka kitandani.
Mkeka umenipokea kwa mistari yake,
ukuta wa chokaa una baridi ya mtungi,
na damu inarudi mapajani polepole,
kama maji yanayokumbuka mtaro.

Moja, mbili, tatu, nne.
Nywele zangu zinanuka mafuta ya mashine.
Moja, mbili, tatu, mkono wa kushoto.
Rudi.
Moja, mbili, Bi Semeni ana ulimi yule,
atanitangaza Muheza nzima
mpaka kwa wauza machungwa.
Rudi.
Kwa sauti ya kumwita mtoto asiyechapwa.
Sikujua alisema kutoroka si kosa,
kurudi ndiyo kazi yenyewe.

Nje baiskeli imepita, mnyororo mkavu,
krii, krii, kuelekea Makorora.
Nimeihesabu nayo.

Hapo ndipo nilipoligundua jambo, gizani,
miguu juu kama mbuzi wa bucha:
kila ninapotunga uzi kwenye sindano
hubana pumzi.
Miaka ishirini na sita.
Nani ajuaye nimebana ngapi
kwa ajili ya tundu dogo namna ile,
na kama zilikwenda mahali, au zimo humu bado,
zimekunjwa, zinangoja mwenyewe aje kuzichukua?
Nikaiachia moja. Ikatoka ndefu.
Sikufika sita, nilipoteza hesabu.

"Umeanguka?" Mbwana, kutoka juu.
Hapana. Napumua.
"Kitandani hakupumuliki?"

Kimya. Kisha magoti yake yakalia, kaa, kaa,
akaja, akajilaza kando yangu, mzito,
bado ana vumbi la kiwanda cha saruji vidoleni
japo ameoga,
nyayo zake zikapanda zikazipita zangu.
Nne kuingia, nikamwambia. Sita kutoka.
"Na nikifika sita?"
Unaanza tena.
"Kama mshahara," akasema,
na pumzi ya tatu ikawa koromo.

Sikumwamsha. Nilimsikiliza
akipanda na kushuka, akipanda,
na mahali fulani kati ya kupanda kwake na kushuka
pedali ilisimama.
Sikuwapo kuiona ikisimama.

Asubuhi mkono ulikuwa bado mfupi
kwa inchi zile zile mbili.
Shingo yangu ilikuwa na chapa ya ukindu.
Na ukutani, juu ya mkeka,
alama nne: mbili ndogo, safi kiasi,
mbili kubwa za kijivu, zimetazama dari.
Nililoweka kitambaa, nikakikamua,
nikasimama nacho pale.
Kisha nikaenda kufuta cherehani.