Umeme Ulikatika Hapa

Masanduku saba yamekuja kwa mkokoteni kutoka Mtaa wa Mindu
hadi kibandani kwangu Gerezani:
santuri za marehemu Bi Ermelinda,
aliyefundisha piano watoto wa watu miaka arobaini
akafa mwezi wa kwanza, madirisha yakiwa wazi.
Mpwa wake yuko Kanada. Kasema kwenye simu:
"Zihamishie kwenye kompyuta, fundi, halafu uza, gawa, vyovyote."
Hakuuliza zina nini.

Nimeziosha kwa sabuni na fulana kuukuu.
Ukungu wa Upanga haubanduki kirahisi,
na joto limezikunja nyingine hadi sindano inapanda na kushuka
kama mtu anayetembea juu ya godoro.

Si muziki wa harusi huu.
Konseto ya fidla inaanza kwa mlango kukwaruza,
kisha ngoma moja, kisha kimya, kisha watu themanini
wanadondosha masufuria kwa mpangilio.
Sikudhani, mwanagenzi wangu, akainua kichwa kwenye feni aliyoifumua:
"Fundi, hiyo imeharibika au ndivyo ilivyo?"
Ndivyo ilivyo, nikamwambia. Sikuwa na hakika.

Lakini kwenye majalada kuna penseli.
Mwandiko mdogo, umenyooka.
Hakusifu, hakuponda. Tarehe tu, na pembeni:
"Mvua. Sikusikia fidla."
"Jirani anatwanga."
"Nimelia, sijui kwa nini, nikaenda kununua mkate."
Na kwenye jalada la kijivu, muziki wa watu wanne,
fidla mbili, ya kati moja, na ile kubwa inayokumbatiwa kwa magoti:
"Upande wa pili. Umeme ulikatika hapa."
Mwaka mwingine, penseli nyingine: "Umekatika tena, palepale."
Ya tatu: "Mgao. Basi."
Ya nne hakuna.

Ningeweza kucheka. Mji huu nani hajakatiwa kitu katikati,
penalti ikiwa imewekwa, kichwa kikiwa nusu kimenyolewa?
Sikucheka. Nikangoja usiku.
Sikudhani kaondoka, wachomelea vyuma wamefunga,
nikatazama Luku: uniti moja na nukta.
Itatosha, nikasema, kama mtu asiyeijua Luku.

Wanne wale wako chumba fulani chenye baridi.
Nasikia kiti kinalia, mtu anavuta pumzi kabla ya kugusa nyuzi,
na huko nyuma kuna anayekohoa, mara moja, kwa adabu,
akidhani hakuna atakayejua.
Nimejua mimi.

Mahali penyewe nilipatambua bila kuonyeshwa:
sauti nne zinapanda pamoja
kama watu wanaopandisha kabati ngazini,
mmoja anasema ngoja, mwingine anasema inua,
kona ni nyembamba, kabati limekwama ukutani,
na Luku ikaanza kulia.
Nikanunua kwa simu, nikabonyeza tarakimu ishirini,
nikakosea ya kumi na saba, nikaanza upya,
na kabati bado liko ngazini,
na wale wanne hawalitui.

Likafika. Kule juu hakukuwa na kishindo.
Fidla ya kati peke yake, nota moja ndefu,
kama mtu aliyebaki kufagia ukumbi watu wakishaondoka.
Kisha sindano ikawa inazunguka pasipo na kitu.
Niliiacha izunguke.

Mpwa amepata mafaili yake, kalipa bila kubishana.
Jalada la kijivu sikuliuza.
Nilichonga penseli kwa wembe, chini ya ile "Basi" nikaandika
kwa mwandiko wangu wa risiti:
"Tarehe tisa. Umeme ulikuwepo.
Mwisho wenyewe ni mdogo tu, mama. Kubwa ulishalisikia."

Sikudhani akalisoma, akanyamaza,
akafunga skrubu mbili za feni,
akauliza kama upande wa kwanza nao upo.