Mchelewaji

Kengele ya shule ya Isevya ni kipande cha reli
kilichoning'inizwa kwa waya kwenye mkrismasi.
Nakijua. Miaka kumi na saba nashika bendera
stesheni ya Tabora, na chuma kile
kilibeba mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma
kabla hakijastaafu, kikaajiriwa ualimu.

Treni ya Mpanda ikichelewa saa tisa
tunaandika kwa chaki ubaoni: Itachelewa.
Kisha tunakunywa chai.
Nyamizi akichelewa dakika tatu
anaokota takataka ishirini
na kuzihesabu mbele ya mwalimu wa zamu.
Kumi na tisa? Rudi.
Juzi wachelewaji walizidi, taka zikaisha uwanjani,
wakalichana gazeti moja, wakagawana.

Jumatatu ni ufagio, tena wa chelewa.
Kwetu hapa minazi ni ya kuhesabu;
chelewa zinakuja kwa treni,
na treni, nimeshasema.
Kidumu cha maji nacho kina siku yake,
lita tano za kumwagilia maua
ambayo mbuzi wa Mzee Kasanda huyala
Alhamisi, bila kukosa.
Mbuzi yule ndiye pekee anayefuata ratiba
bila kugongewa chuma.

Madaftari yavalishwe karatasi ya kaki.
Gazeti marufuku
tangu mwalimu wa hisabati alipokutwa
anasoma matokeo ya mpira
mgongoni mwa daftari la mtu.

Mwaka huu Nyamizi kawa kiranja wa usafi,
na shule imehamia kwangu.
Mama yake akitaka chumvi ananyoosha kidole.
Nikiingia sebuleni mtoto anasimama, "Shikamoo, baba,"
na nisipomwambia keti
anasimama hivyo hivyo mpaka ugali upoe.
Nikicheka naandikwa.
Kuna orodha nyuma ya mlango: Wapiga Kelele.
Bibi yake yumo mara mbili,
kwa kukoroma.

Ijumaa tukaitwa kikao cha wazazi, saa nne kamili.
Nilitoka zamu ya usiku, nikapitia chapati,
nikafika saa nne na dakika kumi na mbili.
Getini, utepe mwekundu begani,
daftari kwapani,
yeye.

"Jina?"
ananiuliza mtoto ambaye jina nilimpa mimi,
la mama yangu mzazi.
Nikamtajia langu. Akataka nimsomee herufi.
"Darasa?"
"Mzazi."
Akatafuna kalamu kidogo, akaandika.
"Mikono."
Nikanyoosha vidole kumi, nikavigeuza.
Grisi ya mabehewa haitoki kwa sabuni, nikaanza kueleza,
lakini alishamgeukia mama Zuena wa maandazi
aliyekuwa anaficha zake ndani ya khanga.

Nikaokota. Ishirini.
Mgongo ukalia kama bogi kuukuu.
Ndani tukabanwa kwenye madawati yao, magoti kidevuni,
na mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye mashine mbili za kukoboa,
akanyoosha kidole akaomba kwenda haja.
Mwalimu Msabila hakuinua macho:
"Subiri mwenzako arudi."
Akasubiri.

Usiku, yeye amelala, sare imekunjwa chini ya godoro
ili ijipige pasi yenyewe,
nikalichungulia lile daftari kwa tochi ya kazini.
Mwandiko wa kubonyeza, karatasi karibu itoboke:

Baba yake Nyamizi. Kachelewa. Kucha chafu.
Ameokota zote.
Ameomba msamaha.

Sikuomba msamaha.
Hilo kaliongeza mwenyewe.