Pamba za Masikio

Saa mbili asubuhi, Masese. Nasimama
nyuma kidogo ya bega la Wandera,
kipimo nimekielekeza penye sikio lake,
si penye mashine. Mashine haiugui.

Msumeno unauma nondo. Tarakimu zinaruka
kama senene walioona taa,
tisini na mbili, tisini na sita, mia na moja,
kisha zinachoka, zinatua: desibeli tisini na saba.
Naandika. Karatasi nayo inatetemeka.

Kwa vidole namwomba awashe na ule wa pili.
Meneja Kaggwa, anayenisomea begani,
anaonyesha meno yote: mia moja tu?
Nilidhani ingekuwa mara mbili!

Ni mara mbili.
Hesabu ya sauti haifuati hesabu ya sokoni.
Tisini na saba ukiijumlisha na ndugu yake
unapata mia moja,
na hizo tatu unazozicheka, bwana,
ni msumeno mzima.

Kwa tisini na saba, sikio lina haki ya nusu saa.
Zamu ya Wandera ni saa kumi.
Ana miaka ishirini na sita.
Mkewe aliniambia getini, akitazama viatu vyake:
siku hizi namwita mara tatu, nadhani amenichoka.

"Tutawapa pamba," anasema Kaggwa.

Pamba.

Baba yangu, Balikowa, aliifuma pamba miaka kumi na tisa,
mitambo mia mbili chini ya bati moja
ikipiga makofi pasipo sherehe.
Herufi za kwanza kumhama zilikuwa zile nyembamba,
sa, fa, ta,
zikaondoka bila kuaga.
Zikabaki nene: ba, ma, gu.
Halafu nyenje. Alidhani wamekufa wote
kwa dawa za mashamba ya miwa,
akawalaani wenye miwa msimu mzima,
na nyenje wakilia palepale mlangoni.

Jana nilipita kwake Mpumudde,
mtaa ambao jina lake ni *nimepumzika*.
"Baba, nimefika."
"Nani kazikwa?"
Tukacheka, kicheko chake kikichelewa hatua moja.
Redio yake ilikuwa inawasomea majirani wote
matangazo ya vifo.
Nikatoa kipimo mkobani: themanini na tisa.
Hiyo sikuiandika.
Ningeiandika kwa jina la nani? Kiwanda kilishafungwa,
mitambo iliuzwa chuma chakavu,
lakini kelele yake ingali hai, inakula kwa baba,
inalala kwa baba.

Kwa hiyo, Bwana Kaggwa, ripoti yangu inaanzia mbali na sikio.
Inaanzia kwenye diski: nunua ile ya meno mengi madogo.
Weka mpira chini ya miguu ya meza,
maana sakafu nayo imejifunza kupiga kelele.
Ujenge kibanda, kuta zenye sufi ndani,
mlango unaofungwa kweli, si wa turubai.
Watu wapokezane.
Na mwisho, mwisho kabisa, vifuniko vya masikio,
vya saizi ya masikio ya Wandera,
si ya yule kijana wa kwenye katalogi.

Utasema ni ghali. Utasema hujui kama kuta zinasaidia.
Ulipotoka kupokea simu nilipima ofisini kwako.
Hamsini na nane.
Vioo viwili, zulia, dari la maboksi.
Unajua.
Pamba haijatupungukia hapa, bwana.
Imeingia tu masikio yasiyostahili.

Saa saba wakazima umeme wa karakana.
Wandera akanikaribisha kalo na samaki
kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto,
nami nimeketi naye benchi moja.
Kipimo kilikuwa bado kimewashwa magotini.
Themanini na moja.

Nikamjibu kwa sauti ileile, bila kufikiri.
Ndiyo sauti ya kwetu.