Nzi wa Mto Nisioujua

Machi, Kongowea. Feni nimeizima,
si kwa kubania tokeni:
manyoya hayataki upepo.
Pumzi moja tu, na kazi ya asubuhi nzima
iko juu ya kabati, iko ndani ya chai.
Jasho linanishuka mgongoni polepole
kama mtu anayehesabu pingili.

Ndirangu alipiga simu alfajiri
kutoka Gura, meno yakimgongana.
Mvua imeanza juzi usiku, akasema.
Maji yamenifika magotini,
mawe ya chini siyaoni tena,
na trauti wamejibanza kingoni, wavivu,
hawapandi juu hata ukiwabembeleza.
Rangi ya maji? Akafikiri. Chai yenye maziwa machache.
Na wadudu?
Weusi, wadogo, saa nane, jua likichungulia.
Jana mmoja alinitua mkononi, akafa hapo hapo.

Nikayaandika yote nyuma ya bili ya maji.

Mimi mto huo sijauona.
Maji ninayoyajua ni ya Tudor,
yanaondoka, yanarudi, mara mbili kwa siku,
kama mtu aliyesahau funguo.
Maji ya kwenda upande mmoja tu, bila kujuta,
siwezi hata kuyaota.

Umazi naye hakuuona.
Miaka kumi na tisa katika karakana ya Shimanzi,
safu ya tatu, kando ya dirisha lisilofunguka,
akifunga nzi wa mito ya watu,
akitufundisha sisi wapya kwa shairi
alilolitunga huku akizungusha uzi:

*Maji yanapochafuka, funga nzi mweusi ti,*
*Wingu linapofunguka, mdogo, rangi ya mti,*
*Baridi ikikushika, mvishe shaba, si koti,*
*Na samaki akicheka, kosa lako, si bahati.*

Basi, mweusi.
Kai wa kuku huniwekea shingo za majogoo;
majirani wasiojua hudhani nina uganga.
Miguu, unyoya wa kanga, nyuzi tatu, si nne.
Shaba nimeichomoa kwenye mota ya feni iliyokufa:
ile iliyokuwa ikipeperusha, sasa izamishe.
Ndoana namba kumi na nne kwenye jiliwa,
uzi, uzi, uzi, fundo,
tone la rangi ya kucha kichwani.

Halafu nikatengeneza mto.
Karai, maji ya bomba, barafu ya wauza samaki,
chai kidogo, maziwa kidogo,
nikakoroga kwa kidole mpaka kikafa ganzi.
Nikamtumbukiza.
Mkavu alikuwa mweusi.
Alipoloa akawa zambarau iliyoiva mno.
Hilo shairi halikulisema.

Nikamweka pembeni, nikachinjisha jogoo mwingine.
Kumi na mmoja walitoka weusi kweli, kavu na maji.
Lakini kisanduku cha dawa kina vyumba kumi na viwili,
na basi la usiku halimsubiri mtu,
nikamtia yule wa zambarau chumba cha mwisho
nikafunga kwa utepe.

Leo simu.
Nimepata mmoja, anasema Ndirangu, mzito,
nimemrudisha majini, kaondoka bila kuaga.
Kwa nzi yupi?
Kimya. Mto wenyewe nikausikia nyuma yake,
kama watu wengi wanaopiga makofi chumba cha pili.
Yule mmoja, akasema. Yule tofauti.
Unao wengine?

Nikampigia Umazi, Mariakani kwa bintiye.
Nikamweleza yote, jogoo, karai, zambarau.
Akavuta pumzi.
Kichwa ulikikaza?
Nilikikaza.
Basi, akasema, na akakata,
tokeni za simu zake daima huisha.

Shingo ya yule jogoo wa kwanza
nilimtupia paka wa jirani.

Nikawasha feni.
Manyoya yote juu.