Saa Nane Mara Mbili

Jumapili jioni, mezani pa jikoni, mjini Łódź,
naitandaza karatasi ya mwezi wa kumi
kama nilivyotandaza mashuka ya hospitali:
kona kwanza, kisha katikati,
kisha kiganja kinapapasa, kinatafuta mkunjo.

Miaka kumi na tisa nilikunja mashuka hayo
ndani ya jengo la matofali mekundu lililofuma pamba enzi za mabibi,
kabla hawajanipa ufunguo wa ofisi, penseli,
na kazi hii ya kugawa usiku wa watu.
Mchana hujigawa wenyewe.
Usiku ndio unaogombewa, au kukimbiwa.

Simu inalia. Ni Bwana Gawlik.
Lubomir atoke saa nne usiku Jumanne,
arudi saa kumi na mbili asubuhi Jumatano.
"Kijana yule. Ana nguvu."

Nahesabu kwa vidole, tulivyokuwa tukihesabu foronya.
Nne hadi kumi na mbili: saa nane.
Sheria inataka kumi na moja za kupumzika.
"Zimepungua tatu tu," anasema,
tatu tu, kama jirani aombaye chumvi.

Nazijua hizo tatu.
Ya kwanza huishia kituoni, ukingoja tramu ya mwisho,
na ikikuacha, ni miguu yako hadi Bałuty.
Ya pili ni ya supu iliyopoa
na mama mgonjwa anayesubiri ageuzwe ubavu.
Ya tatu ndiyo usingizi wenyewe, ule wa chini kabisa,
unaomrudishia mtu vidole vyake.

Bandu bandu, huisha gogo.
Żaneta hakufika kwenye gogo. Kilikwisha kidole,
rolani, kwenye pasi kubwa, saa kumi na moja alfajiri,
zamu ya pili kabla ya siku moja kutimia.
Zamu ile niliipanga mimi.
Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa na harusi ya kuwahi,
nikaziba pengo kwa jina la kwanza lililokuwa karibu.
Kila Krismasi ananiletea keki ya mbegu za popi.
Anaikata kwa mkono wa kushoto.

"Hapana, Bwana Gawlik."
Lubomir abaki jioni mpaka wiki iishe.
Asubuhi ya Jumatano ni ya Jagna,
aliyeiomba tangu masika, ili mchana awahi darasa la udereva,
na ombi lake nililiweka chini ya kikombe, likaota duara la kahawa.
Kimya. Kisha anaguna. Kuguna si kukataa; naandika.

Nahakiki Jumapili: kila mmoja awe nayo walau moja katika nne.
Solomiya hana. Nafuta, nasogeza, nafuta tena,
karatasi inaanza kutoboka hapo kwenye tarehe kumi na tisa.
Sasa anayo.

Imebaki Jumapili ya mwisho ya mwezi,
usiku ule nchi nzima inarudisha saa nyuma.
Ikigonga tisa, inaambiwa iwe nane tena,
na waliolala wanazawadiwa saa.
Aliye zamu hazawadiwi. Anasimama mbele ya mashine zilezile,
mvuke uleule, anaiishi nane yake mara ya pili.
Kompyuta ya mishahara haijui hilo. Inatoa nne kwenye kumi na mbili,
inapata nane, inalala.
Nami kwenye kisanduku cha Solomiya naandika tisa,
naikoleza mpaka ncha inavunjika.

Karatasi naibandika wiki nzima kabla, kama ipasavyo,
kando ya mashine ya kahawa, kwa pini nne.
Solomiya anafuata mstari wake kwa ukucha, anasimama.
"Hii tisa?"
Namweleza saa inayorudi.
Anacheka, anavua glavu moja.
"Kumbe mwaka jana niliitoa sadaka."

Sicheki.
Narudi ofisini, navuta faili la mwaka jana.